Mazoezi ya Kumzika Mama Mkwe

Kama kuna mtu aliyewahi kufanya mazoezi ya viungo mwaka mzima ili aweze kumzika mama mkwe wake vizuri, huku mama mkwe mwenyewe akiwa mzima na anamaliza sahani mbili za viazi, basi mtu huyo ni Sosthenes Kalinga, fundi cherehani wa Igowole. Msimcheke kwanza. Sikilizeni sababu yake, halafu mcheke.

Mambo yalianzia kwenye mazishi ya Mzee Timotheo, shemeji yake Bibi Matilda. Bibi Matilda ndiye mama mkwe. Anaishi bondeni, mwendo wa nusu saa kutoka barabarani, na njia ya huko ni ya utelezi mvua zikianza. Siku ile ya Novemba zilikuwa zimeanza. Kubeba jeneza kule si kazi ya nguvu peke yake, ina utaratibu wake. Wanaume sita wanabeba, wengine wanatembea pembeni, na aliyechoka anasema "nipokeeni", mtu anaingiza bega, safari inaendelea. Hakuna aibu. Hata mwenyekiti wa kijiji husema. Lakini Sosthenes, ambaye kwa miaka ishirini hakuwa amenyanyua kitu kizito kuliko pasi ya mkaa, alikuwa mkwe wa ukoo ule, na mkwe hapendi kuonekana amechoka mbele ya wakwe. Aliposhika nafasi ya mbele kushoto hakutaka kuiachia. Mara mbili watu walimwuliza kama apokewe, mara mbili akatikisa kichwa.

Walipofika juu ya shamba la njegere magoti yakagoma. Bega la mbele kushoto likazama, jeneza likafuata, na kabla watu hawajamaliza kusema "Bwana Yesu", Mzee Timotheo alikuwa ametangulia peke yake, akiteleza kwenye nyasi mbichi taratibu, kwa heshima zote, mpaka alipokwama kwenye tuta la mwisho. Hakuna kilichovunjika isipokuwa jina la Sosthenes.

Bibi Matilda hakumgombeza. Asingeweza. Kwa wazee wa ukoo ule, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawashikani mikono, hawakai benchi moja, wala hawasemeshani. Neno lazima lipitie kwa mtu wa tatu, hata kama wamesimama hatua mbili. Kwa hiyo alimgeukia binti yake Eveline, mke wa Sosthenes, akasema kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa ng'ambo ya kijito.

"Mwambie huyo mumeo, siku yangu ikifika asiniguse. Mimi nataka kushuka mara moja tu, na iwe kaburini."

Mchungaji akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo, na kitabu kikaanza kutikisika. Waombolezaji wengine hawakuwa na vitabu.

Sosthenes aliumia. Tuseme ukweli, aliumia kuliko alivyoumia siku ya kukosa kazi mjini Iringa. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa darasa la pili. Kwa miaka ishirini na minne, kila Krismasi Bibi Matilda alikuwa akimtumia Eveline gunia la viazi na salamu ya maneno yale yale: "Mwambie huyo ale, amekonda." Mtu anayekukatalia kubeba jeneza lake anakutoa kwenye orodha ya watoto wake. Sosthenes alitaka kurudishwa kwenye orodha hiyo, basi. Hakutaka kingine.

Aliyemsaidia ni mwalimu Sekela. Huyu ni binti wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, anafundisha michezo sekondari ya pale, na enzi zake alirusha tufe mpaka watazamaji wakawa wanahama viti. Nyuma ya nyumba yake ana vyuma vya kujitengenezea: makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, magunia ya mchanga, madumu ya maji. Alikuja kupimwa traksuti, na Sosthenes, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akajikuta anamweleza shida yake.

"Unataka kunyanyua nini hasa, baba Devota?"

"Mama mkwe."

"Pole jamani. Anaumwa?"

"Hapana, mzima kabisa. Jana alikuwa analima."

Sekela akaweka mkono kiunoni. "Sasa unataka kumnyanyua wa nini?"

"Akifa."

"Anakufa lini?"

"Hatujui, mwalimu. Ndiyo maana nataka kuanza mapema."

Wakakubaliana. Yeye atashona jezi za shule zilizochanika, mwalimu atamfundisha. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Wiki tatu za kwanza Sosthenes aliwaka. Alichuchumaa na gunia mgongoni, akatembea na madumu kuzunguka nyumba ya mwalimu, akanyanyua makopo ya zege huku akipiga kelele zilizowafukuza kuku wa jirani. Alianza kukunja mikono ya shati dukani hata siku za baridi. Akamtaka Eveline ampapase msuli wa mkono. Eveline akaupapasa, akasema ameuona, ingawa hakuuona. Watu wa Igowole, wanaojua binadamu, walisema hizo ni nguvu za soda, zikipoa gesi itaisha.

Gesi iliisha wiki ya nne. Mapaja yalimuuma mpaka hakuweza kukanyaga pedali ya cherehani, na sare za shule zikalundikana Januari ikiwa imefika. Halafu ulanzi ukaanza. Kwa asiyejua, ulanzi ni maji ya mwanzi mchanga, na katika wilaya ya Mufindi mwanzi ukianza kutoa, hata saa hubadilika. Jirani yake Ezekia, mgemaji hodari, akawa anampitia kila asubuhi na kopo.

"Huu ni mtogwa, ndugu yangu, mtamu tu, haujachacha. Huu hata mtoto anakunywa. Ukimaliza ndio uende kwenye vyuma vyako."

Akimaliza hakuwa anakwenda kwenye vyuma vyake. Siku tisa zikapita. Siku ya kumi Sosthenes alioga, akavaa koti, akaenda kwa mwalimu kumuaga kwa adabu, kama mtu anayejiuzulu uongozi wa kwaya.

"Mwalimu, hamu imekwisha. Nilikuwa nayo, ikaondoka."

Alitegemea kugombezwa. Sekela alikuwa anakula ndizi, akaendelea kula.

"Unadhani mimi ninayo? Nusu ya siku sina. Hamu ni mgeni, baba Devota. Akija mkaribishe. Asipokuja, wewe kula, usilale njaa kwa kumsubiri." Akatupa ganda. "Tufanye hivi. Siku usiyotaka, njoo unyanyue mara moja. Moja tu, halafu nenda zako. Sitakuuliza."

"Mara moja inasaidia nini?"

"Inasaidia kesho usianze upya kuitafuta njia ya kuja hapa."

Sosthenes aliona ni ujanja wa kitoto, na kweli ulikuwa. Lakini ujanja wa kitoto ndio unaotuweza sisi watu wazima. Akaanza kwenda. Mara nyingi, akishanyanyua mara moja, aliona haya kuondoka, akanyanyua na nyingine tisa. Siku nyingine hakuona haya hata kidogo. Kuna asubuhi moja ya mwezi wa tatu mvua ilinyesha kama imetumwa, akaenda na koti la mvua na mabuti, akanyanyua makopo mara moja, akayaweka chini, akarudi. Eveline alikuwa hajamaliza kukoroga uji.

"Umesahau nini?" akamuuliza.

"Nimetoka mazoezini."

Eveline akatazama saa ya ukutani, akatazama mume, akaona ni heri aendelee na uji.

Ukaja mwezi wa saba, na baridi ya Mufindi mnaisikia tu. Asubuhi majani ya chai yanakuwa meupe kwa sakitu, na lile bomba lilikuwa linang'ata viganja. Sosthenes akashona glavu kwa vipande vya suti ya kijivu aliyomkatia mwanasiasa mmoja na kubakiza kitambaa. Alinyanyua zege akiwa amevaa suti viganjani, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, na akinung'unika kwa lugha mbili. Alikuwa anachukia kila dakika. Alikuwa anakwenda hivyo hivyo.

Septemba akajaribiwa na safari. Binamu yake Amos, aliyehamia Uyole kule Mbeya, alikuwa anapokea mahari ya binti yake, na Sosthenes akatakiwa kukaa huko siku tano. Uyole kwa Amos hakukuwa na zege wala gunia la mchanga. Jumatano asubuhi alizunguka uani akitafuta chochote chenye uzito, na akamwona beberu. Alikuwa beberu wa mahari, mkubwa, ameletwa jioni iliyotangulia na upande wa mume kutoka Rungwe, amefungwa kwenye mparachichi. Sosthenes akatazama kushoto na kulia, akamfungua, akamweka mabegani, akaanza kuchuchumaa. Beberu alishangaa mno hata akasahau kulia.

Alipofika mara ya saba akasikia mtu anakohoa. Alikuwa Mzee Saulo, mshenga wa upande wa mume, mswaki mdomoni.

Sosthenes akasalimia, beberu akiwa shingoni. Mzee Saulo akaitika, akarudi ndani haraka, akawaamsha wenzake.

"Amkeni. Hawa watu wa Iringa wanampima mbuzi wetu. Wanadhani tumewaletea mwepesi."

Baada ya robo saa wazee watano wa Rungwe walitoka wakiwa wamevaa makoti, wakapanga mstari. Kwa heshima zote, na bila kueleza, kila mmoja alimnyanyua beberu, akaguna kwa nguvu ili uzito usikike, akamkabidhi mwenzake. Amos alipotoka na kukuta wageni wake wanapokezana mbuzi, alidhani ndiyo mila ya Rungwe. Hakutaka kuonekana mshamba. Akanyanyua naye, akapata maumivu ya kiuno mpaka leo. Sosthenes hakusema neno. Mahari ilipokelewa kwa maelewano makubwa, na kila upande ukawasifu wenzao kwa kushika mila.

Alirudi Igowole bila kukosa siku hata moja. Mwaka ukakaribia kutimia. Aliweza sasa kuzunguka nyumba ya mwalimu mara nne na gunia la mchanga mgongoni, na Eveline alipopapasa msuli wa mkono, alishtuka. Bibi Matilda naye, kule bondeni, alikuwa mzima, na alipopelekewa habari kwamba mkwe anafanya mazoezi kwa ajili yake, alijibu, "Mwambieni atazeeka akisubiri."

Halafu, wiki ya pili ya Desemba, akaugua. Alianza na kikohozi, akakidharau, na asubuhi ya Alhamisi Eveline alipigiwa simu kwamba mama hapumui vizuri. Wakashuka bondeni mbio, yeye na Sosthenes, na Ezekia nyuma yao. Muuguzi wa zahanati alikuwa ameshafika. Akasema ni nimonia, lazima apelekwe hospitali ya wilaya sasa hivi. Gari lingefika barabarani juu. Bodaboda mbili zilikuwa zimejaribu kushuka, na zote mbili zilikuwa zimelala kwenye tope.

"Tumbebe kwa machela," akasema Ezekia.

"Hapana," akasema muuguzi. "Akilala chali anazibwa pumzi. Lazima akae wima."

Hapo wote walielewa. Wima maana yake mgongoni. Vijana walikuwa mashambani ng'ambo. Wenye nguvu waliokuwapo walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa mkwe, ambaye hata mkono hakuruhusiwa kumshika.

Sosthenes ndiye aliyepata njia, na aliipata kwa ufundi wake. Alichukua kiti kifupi cha mbao, akachana turubai, akaomba sindano ya magunia, akashona mikanda miwili ya mabegani na mmoja wa kifuani. Bibi Matilda angekaa akitazama nyuma, mgongo wake kwenye kiegemeo cha kiti, na upande wa pili wa kiegemeo kungekuwa na mgongo wa Sosthenes. Wasingeonana, wasingegusana. Dada wa Bibi Matilda, mzee kuliko yeye, akalichunguza lile jambo akazunguka kiti mara mbili, akasema mila haijavunjika, imekunjwa tu.

Sosthenes akapiga goti, akafungwa, akanyanyuka. Uzito wa mama yule ulimwingia mpaka kwenye visigino. Haukufanana na zege. Zege halipumui kwa shida nyuma ya sikio lako.

Njia nzima Eveline alitembea ubavuni kama mkalimani wa mkutano.

"Mwambie asinitikise," sauti ya mama ikasema, nyembamba.

"Mama anasema usimtikise."

"Mwambie mama aniwie radhi, hapa kuna jiwe."

"Anasema kuna jiwe, mama."

"Nimesikia. Mimi kifua ndio kinauma, masikio mazima."

Walivuka kijito. Wakapanda kona ya kwanza, ya pili. Kwenye kona ya tatu, pale penye utelezi zaidi, Sosthenes akasikia magoti yanaanza kuongea lugha aliyoitambua. Aliogopa. Zamani angekaza meno na kutikisa kichwa. Akasimama, akapanua miguu, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Nimechoka. Nipokeeni."

Ezekia akaja, wakaegemeza kiti kwenye ukingo wa njia, mikanda ikahama mabega. Ezekia alikwenda hatua arobaini akatoa macho, Sosthenes akapokea tena. Wakaendelea hivyo, mmoja akisema, mwingine akiingia, mpaka wakaona gari. Mama hakutua kwenye tope hata mara moja. Alipoingizwa ndani ya gari alikuwa anatafuta pumzi tu, na Sosthenes aliyebaki barabarani alikaa chini kwenye majani akalia bila kujificha. Ezekia akamgeuzia mgongo kwa heshima.

Bibi Matilda alipona. Ilichukua wiki mbili na nusu na alimaliza uvumilivu wa wodi nzima. Madaktari wakasema asirudi bondeni kwanza, kwa hiyo akaletwa kwa Eveline, na kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawawezi kukaa sebule moja, Sosthenes akahamia dukani, chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, akawa anakula kati ya vitambaa. Hakulalamika. Ila tangu siku ile ya kumbeba mama hakwenda tena kwa mwalimu Sekela. Wiki ya kwanza alisema amechoka, ya pili akasema Krismasi. Ya tatu mwalimu akasimama mlangoni pa duka.

"Umekufa?"

"Kazi imekwisha, mwalimu. Nilikuwa namfanyia mazoezi mama. Nimeshambeba."

Sekela alifungua mdomo kumjibu, lakini alitanguliwa na sauti kutoka ndani.

"Sisimami! Mwambieni daktari aje asimame yeye!"

Hospitali walikuwa wamemwagiza Bibi Matilda asimame kutoka kitini mara kumi kila siku, maana miguu ilikuwa imelegea kwa kulala, na isiporudi atakuwa mtu wa kitandani. Siku mbili alisimama. Ya tatu alisimama huku akigomba. Leo aligoma kabisa. Eveline alikuwa amebembeleza mpaka amekaa chini sakafuni.

Sosthenes akaenda mpaka kwenye mlango wa sebule, mwalimu nyuma yake, akasimama nje ya kizingiti, macho kwenye dari.

"Mama Devota, mwambie mama, asipotaka, asimame mara moja tu. Moja. Halafu akae, hakuna atakayemuuliza."

"Mwambie huyo aache ujanja wa kitoto," akasema Bibi Matilda.

"Mwambie kwangu umefanya kazi," akasema Sosthenes.

Kiti kikalia. Bibi Matilda alikuwa ameshika mikono ya kiti, mishipa imesimama shingoni, na akanyanyuka kidogo kidogo mpaka akawa wima, anatetemeka kanga nzima. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amwozeshe binti yake. Alimtazama mkwewe usoni.

"Sosthenes."

Eveline akafunika mdomo. Sosthenes alijua sauti hiyo, ila hakuwahi kuisikia ikiwa na jina lake ndani.

"Siku yangu ikifika utanibeba. Mbele kushoto. Nimeshawaambia wote." Akavuta pumzi. "Wewe unajua kusema umechoka. Mtu wa namna hiyo haniangushi."

Hilo ndilo neno aliloamkia baridini mwaka mzima. Alilipata sasa, mbele ya mashahidi wawili, mwalimu akiwa mmoja wao. Alitakiwa afurahi, na alifungua kinywa kushukuru. Lakini alimwona mama alivyosimama, mdogo kuliko alivyokuwa Novemba ile, magoti yakicheza ndani ya kanga, na nafasi ya mbele kushoto ikamtia uchungu. Hakuitaka hata kidogo. Alitaka imsubiri miaka mingi, ioze huko ilipo.

Akavuka kizingiti, akaja akasimama mbele ya kiti.

"Asante, mama. Kaa kidogo." Akamngoja akae. "Sasa simama tena."

Bibi Matilda akamtazama kwa hasira kubwa. Akashika mikono ya kiti, akaanza kunyanyuka.